Govan Mbeki

Govan Archibald Mvunyelwa Mbeki (9 Julai 1910 – 30 Agosti 2001) alikuwa mwalimu, mwandishi na mwanasiasa wa Afrika Kusini. Alikuwa kiongozi wa chama cha ANC na wa Chama cha Kikomunisti cha nchi hiyo, na mmoja wa waliohukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela mwaka 1964. Ni baba wa Thabo Mbeki, rais wa Afrika Kusini kuanzia 1999 hadi 2008, na huku kwetu Afrika Mashariki jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya mwanawe huyo. Makala hii inaeleza maisha yake yote, lakini inakaa zaidi kwenye miaka 23 aliyofungwa katika Kisiwa cha Robben, ambako yeye na wenzake waliendesha masomo kuanzia kusoma na kuandika hadi ngazi ya chuo kikuu.

Maisha ya awali na elimu

Mbeki alizaliwa katika wilaya ya Nqamakwe, Transkei, sehemu ambayo leo ni ya Jimbo la Rasi Mashariki. Baba yake, Skelewu Mbeki, alikuwa mkuu wa eneo, cheo ambacho baadaye alivuliwa na serikali. Mama yake, Johanna Mahala, alikuwa binti wa mhubiri wa Kimethodisti. Jina Govan lilitokana na William Govan, mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule maarufu ya Lovedale. Kwa hiyo mtoto huyu alibeba jina la mwalimu tangu siku ya ubatizo.

Alisoma katika shule za misheni, kisha Healdtown, na hatimaye Chuo cha Fort Hare, ambacho wakati huo kilikuwa karibu mlango pekee wa elimu ya juu kwa Waafrika wa kusini. Huko alipata shahada ya kwanza, akiwa amesoma siasa na saikolojia, pamoja na stashahada ya ualimu. Mafunzo mengine aliyapata nje ya darasa. Mmarekani mweusi Max Yergan alimfungulia maandishi ya Kimarx. Mkomunisti Edward Roux alifika na mkewe, wakapiga hema karibu na chuo na kuzungumza na wanafunzi usiku chini ya anga. Mbeki alijiunga na ANC mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi.

Mwalimu aliyefukuzwa

Alianza kazi ya ualimu mjini Durban. Huko alikutana na Epainette Moerane, mwalimu mwenzake, naye mwanamke wa siasa kwa haki yake mwenyewe. Walifunga ndoa mwaka 1940 na kupata watoto wanne: Linda, Thabo, Moeletsi na Jama. Baadaye Mbeki alihamia Clarkebury, chuo cha kufundishia walimu huko Transkei, akaachishwa kazi kwa sababu ya shughuli zake za kisiasa. Yeye na Epainette wakafungua duka la ushirika katika kijiji cha Mbewuleni, wilaya ya Idutywa.

Miaka ya dukani haikuwa ya kukaa kimya. Alikuwa mhariri wa magazeti, alikuwa mjumbe wa baraza la Transkei, na aliandika kijitabu kuhusu vyama vya ushirika kilichotolewa mwaka 1944. Wanakijiji walimletea barua awasomee na awaandikie majibu, na kutokana na barua hizo alielewa mambo ya mishahara ya migodini, kodi na uhaba wa ardhi kuliko ambavyo angeelezwa na kitabu chochote. Ujuzi huo ndio uliokuja kuwa somo lake kuu alipofungwa.

Katikati ya miaka ya 1950 alijaribu tena kufundisha, mara hii Ladysmith katika Natal, akafukuzwa tena. Mwaka 1955 akahamia Port Elizabeth (leo Gqeberha) kuendesha ofisi ya gazeti la New Age.

Hapa inafaa kueleza hali ya shule wakati huo, kwa kuwa bila hiyo hadithi ya gerezani haieleweki vizuri. Mwaka 1953 serikali ya apartheid ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Shule za Waafrika ziliondolewa mikononi mwa misheni na kuwekwa chini ya wizara, kwa nia iliyotangazwa waziwazi ya kumwandaa mtoto wa Kiafrika kwa kazi za chini tu. ANC iliita mgomo wa shule mwaka 1955. Kwa kuwa ilikuwa kosa kuendesha shule isiyosajiliwa, watoto waliogoma walikusanywa katika vilabu vya utamaduni. Walimu wa vilabu hawakuruhusiwa kutumia ubao, chaki wala vitabu vya shule. Walifundisha hesabu, jiografia na historia kwa nyimbo, michezo na masimulizi, huku polisi wakipita kuchungulia. Rasi Mashariki ilikuwa mojawapo ya ngome za mgomo huo. Ina maana kwamba kabla ya Mbeki kuingia gerezani, watu wa mkoa wake walikwisha kujifunza namna ya kufundisha pasipo kuonekana wanafundisha.

Kitabu kwenye karatasi za chooni

ANC ilipigwa marufuku mwaka 1960. Mbeki alikamatwa mara kadhaa. Mwishoni mwa 1961, baada ya milipuko ya kwanza ya Umkhonto we Sizwe mjini Port Elizabeth, aliwekwa mahabusu kwa miezi kadhaa, sehemu ya muda huo akiwa peke yake. Alikuwa ameanza kuandika kitabu kuhusu uasi wa wakulima wa Pondoland wa mwaka 1960. Akakiendeleza kwenye karatasi za chooni, na kurasa zikatolewa nje kwa siri. Mahakama haikumtia hatiani, naye akaenda mafichoni. Kitabu hicho, The Peasants' Revolt, kilihaririwa na Ruth First na kuchapishwa mwaka 1964, wakati mwandishi wake akihukumiwa. Hadi leo husomwa na wanaochunguza siasa za vijijini barani Afrika.

Alikamatwa tarehe 11 Julai 1963 katika shamba la Liliesleaf, Rivonia, siku mbili baada ya kutimiza miaka 53. Tarehe 12 Juni 1964 watu wanane walihukumiwa kifungo cha maisha. Denis Goldberg, kwa kuwa alikuwa mzungu, alibaki Pretoria, maana hata magereza yalitengwa kwa rangi. Wengine saba, yaani Mandela, Walter Sisulu, Mbeki, Raymond Mhlaba, Ahmed Kathrada, Elias Motsoaledi na Andrew Mlangeni, walipelekwa Kisiwa cha Robben, kisiwa kidogo baharini mbele ya Cape Town. Mbeki ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri.

Masomo katika Kisiwa cha Robben

Wafungwa wa zamani na waandishi wengi wamezoea kukiita kisiwa hicho chuo kikuu. Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Wafungwa waliponda mawe uani, na kuanzia Januari 1965 wale wa vyumba vya mtu mmoja, akiwemo Mbeki, walichimba chokaa kwa miaka mingi kwenye machimbo ambayo mwanga wake mkali uliharibu macho ya wengi. Mwanzoni mfungwa wa daraja la chini aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita. Magazeti yalikatazwa hadi mwaka 1980. Kulikuwa na vipigo, na chakula kilitofautiana kwa rangi: Mwafrika alipata pungufu kuliko Mhindi au chotara aliyefungwa chumba cha pili.

Masomo ya kisiwani yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa halali: kusoma kwa njia ya posta. Mfungwa aliomba kibali, ndugu au wafadhili wakalipa ada, na vitabu vikaja kupitia kwa mkaguzi wa gereza. Wengi walijiandikisha Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA), ambacho kilikuwa kikifundisha kwa posta. Mbeki alisoma huko uchumi na kupata shahada ya ngazi ya juu ya ile ya kwanza akiwa mfungwa. Lakini kibali kilikuwa na masharti. Vitabu vya siasa vilikatazwa. Mwenye kibali hakuruhusiwa kumwazima kitabu asiye nacho. Na kibali chenyewe kilikuwa fimbo mkononi mwa mkuu wa gereza, kwani kingeweza kufutwa wakati wowote. Mwaka 1977 maafisa waligundua maandishi ya maisha ya Mandela yaliyofukiwa bustanini. Mandela, Sisulu na Kathrada wakanyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne.

Namna ya pili ilifichwa, na ndiyo iliyokuwa na wanafunzi wengi zaidi. Wafungwa walijipanga ili kila anayejua kitu amfundishe asiyekijua. Waliokuja bila kujua kusoma walianza na herufi. Hapo mwanzo karatasi ilikosekana, wakatumia mifuko ya saruji. Kwenye machimbo walichimba wakiwa vikundi vidogo. Mwalimu alizungumza kwa sauti ya chini huku sururu ikiendelea, na askari aliyesimama mbali aliona watu wanaofanya kazi. Sisulu alifundisha historia ya ANC, ambayo ilikuwa sehemu ya mfululizo wa mihadhara wa miaka miwili. Mbeki alifundisha uchumi na nadharia ya Kimarx.

Aliyekuwa mwalimu atatambua kilicho kigumu hapa. Darasa la namna hiyo halina ubao, halina daftari, na mwanafunzi anaweza kuhamishwa chumba kesho bila taarifa. Somo lazima ligawanywe vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinasimama peke yake. Lazima pia liandikwe, ili lisonge mbele hata mwalimu akinyamazishwa.

Mbeki aliandika sana. Alieleza jinsi mshahara halisi wa Mwafrika ulivyobadilika kwa miongo kadhaa, jinsi mitaji mikubwa ya makaburu ilivyokua, na jinsi chama kinavyojengwa kuanzia kikundi cha watu wachache mtaani. Kusoma uchumi kwa kibali kulimpa sababu ya kuwa na vitabu na takwimu ambazo mfungwa mwingine angenyang'anywa. Maandishi yalinakiliwa kwa mkono, mara nyingi kwa herufi ndogo sana. Yalivushwa kutoka vyumba vya mtu mmoja kwenda mabweni ambako wafungwa wengi walilala pamoja. Njia zilikuwa nyingi: karatasi zilizofungwa kwenye plastiki na kuzamishwa ndani ya vyombo vya chakula, viberiti vyenye sakafu mbili, vyoo vilivyotumiwa na pande zote mbili. Bwenini yalisomwa kwa kikundi, yakajadiliwa, yakanakiliwa tena. Mwandishi hakuona darasa lake, na wanafunzi wengi hawakuwahi kukaa karibu naye.

Jambo lingine lililowashangaza wageni wa baadaye ni kwamba baadhi ya askari magereza, vijana wa makaburu wenye elimu ndogo, nao walikuwa wakisoma kwa posta na kuwaomba wafungwa wawasaidie kazi zao za masomo. Wafungwa walikubali, na kwa msaada huo ukali wa baadhi yao ulipungua.

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 1976, mamia ya vijana walifungwa kisiwani. Walikuwa na hasira, nao waliona wazee waliowatangulia ni wapole mno. Wengi walikuwa wameacha shule kwa sababu ileile iliyofanya wazazi wao wagome mwaka 1955. Sasa walijikuta mbele ya walimu kama Mbeki, aliyeondolewa darasani kabla wengi wao hawajazaliwa. Maandishi ya Mbeki yaliyohifadhiwa ni zaidi ya kipindi hiki. Yalitolewa kitabu mwaka 1991 kwa jina Learning from Robben Island. Anayeyasoma leo ataona ni makavu na yenye takwimu nyingi, kwa maana yaliandikwa kama maelezo ya somo. Sifa yake kubwa ni mpangilio: hoja moja, mfano, kisha hoja inayofuata.

Mvutano na Mandela

Si haki kuandika kana kwamba wazee wa Rivonia walikubaliana kwa kila jambo. Mandela, Sisulu, Mbeki na Mhlaba waliunda kamati kuu ya ANC gerezani, na ndani yake Mandela na Mbeki walivutana kwa miaka. Walitofautiana juu ya uhusiano wa ANC na Chama cha Kikomunisti, na juu ya kama iliwezekana kushirikiana kwa namna yoyote na mabaraza ya maeneo yaliyotengwa kwa Waafrika, ambayo Mbeki aliyajua kutoka ndani huko Transkei. Mgogoro uliwagawa wafungwa, ukafika hadi kwenye masomo, kwa sababu kila upande ulitaka vijana wafundishwe kwa mtazamo wake. Mbeki alikuwa mtu wa msimamo mkali, mgumu kurudi nyuma. Wanafunzi wake walimpenda kwa hilo, na wenzake walichoshwa nalo.

Uhusiano na Kongwa

Kisiwa hicho kiko mbali na nyanda za juu za kati za Tanzania, lakini kuna uzi unaoviunganisha. Mwaka huohuo wa 1964 Mbeki alipofungwa, serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, palipobaki majengo na stesheni ya reli ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa mwaka 1951. ANC, FRELIMO na SWAPO walikuwa na kambi huko. Makaburi ya baadhi yao yangali Kongwa hadi leo.

Kutoka kambi ya SWAPO ya Kongwa walitoka wapiganaji wa kwanza waliorudi Namibia, wakiongozwa na John Otto Nankudhu. Walishambuliwa na jeshi la Afrika Kusini huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Waliokamatwa walishtakiwa Pretoria pamoja na Andimba Toivo ya Toivo, kwa sheria ya ugaidi iliyotungwa baada ya matendo yao na kurudishwa nyuma ili iwashike. Mwaka 1968 waliohukumiwa wakapelekwa Robben. Basi watu waliokula vumbi la Ugogo walijikuta gereza moja na Mbeki. Haimaanishi kwamba aliwafundisha ana kwa ana, kwani vyumba vilitenganishwa. Lakini waliingia katika kisiwa ambacho utaratibu wa masomo ulikwisha kushika mizizi.

Tanzania iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa hadi chini ya miti vijijini Dodoma. Wakati huohuo, kule Robben, kumfundisha mtu mzima kusoma bila kibali kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Kizazi cha 1976 nacho kiligawanyika njia mbili. Waliofanikiwa kutoroka, wengi walikuja Tanzania na kusoma katika shule ya ANC iliyojengwa Mazimbu, Morogoro. Waliokamatwa walisoma kwa akina Mbeki.

Familia wakati wa kifungo

Gharama ya miaka hiyo ilibebwa pia na waliobaki nyumbani. Epainette aliendelea na duka lake kijijini Transkei, mbali na watoto waliotawanyika. Thabo alitoroka nchi mwaka 1962, akipitia Dar es Salaam kwenda Uingereza kusoma. Jama, mtoto wa mwisho, alikuwa mwanasheria. Alitoweka nchini Lesotho mwaka 1982 na inaaminika aliuawa. Baba yake alikuwa bado gerezani. Chuo Kikuu cha Amsterdam kilimtunuku Mbeki shahada ya heshima ya udaktari miaka ya 1970, naye hakuweza kwenda kuipokea.

Baada ya kifungo

Mbeki aliachiliwa tarehe 5 Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 77, miaka zaidi ya miwili kabla ya Mandela. Serikali ilitaka kupima mwitikio wa wananchi, na ulipoonekana ni mkubwa, ikamzuia kutoka Port Elizabeth na kukataza maneno yake yasichapishwe. Januari 1990 alisafiri na wenzake hadi Lusaka, yalipokuwa makao makuu ya ANC uhamishoni, na huko akakutana na Thabo. Hawakuwa wameonana kwa karibu miaka 28. Walioshuhudia walitazamia machozi; Mbeki alimsalimu mwanawe kama mwanachama mwenzake, jambo ambalo limeandikwa na kujadiliwa sana tangu hapo.

Baada ya uchaguzi wa 1994 alikuwa makamu wa rais wa Seneti, kisha akawa na wadhifa kama huo katika baraza lililochukua nafasi yake, hadi alipostaafu mwaka 1999, mwaka ambao Thabo alikuwa rais. Aliendelea kuandika vitabu kuhusu historia ya ukombozi. Alifariki Port Elizabeth tarehe 30 Agosti 2001 na kuzikwa mjini humo. Epainette alifariki mwaka 2014. Barabara kuu ya katikati ya mji huo inaitwa kwa jina la Govan Mbeki, na vilevile halmashauri moja katika jimbo la Mpumalanga. Gereza la Robben lilifanywa makumbusho mwaka 1997, na baadhi ya waongozaji wa wageni huko wamekuwa wafungwa wa zamani, waliosoma katika vyumba hivyohivyo wanavyovionyesha.